Mayai ya kambare hayaangui: tuangalie na mbegu ya dume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana jambo hili naona halisemwi, sio kwenye semina wala kwenye makala za kilimo, na watotoleshaji wa kambare huku kanda ya ziwa wanapoteza hela kwa sababu yake. Gazeti lako limeandika sana kuhusu ufugaji wa samaki, mabwawa, vizimba, chakula, bei ya sato sokoni, na tunashukuru kwa kweli, lakini kuna dakika chache ndani ya chumba cha kutotoleshea ambazo ndizo zinaamua kama kutakuwa na vifaranga au hakuna, na hizo dakika hakuna anayeziandika.

Nasemea mbegu ya dume. Nasemea jinsi inavyotolewa, inavyowekwa, inavyobebwa na inavyomwagwa kwenye mayai.

Vifaranga vya kambare vina soko kubwa sana huku, wafugaji wa mabwawa wanavitaka na wavuvi wa ndoano nao wanavitaka kwa chambo cha sangara, kwahiyo vijana wengi wameingia kwenye kutotolesha. Wanajua kuchagua jike, wanajua kupiga sindano ya homoni jioni, wanajua kwamba maji yakiwa nyuzi 25 jike atakuwa tayari kukamuliwa baada ya kama saa 11, na yakiwa ya moto zaidi muda unapungua. Hayo wamefundishwa vizuri. Alafu mayai yakigeuka meupe na kuota ukungu lawama zinaanza, jike alikuwa hajaiva, homoni feki, maji mabaya. Na yote hayo yanawezekana sikatai. Ila ukiuliza dume alipasuliwa saa ngapi, korodani zikawekwa wapi, mkasi ulikuwa umekauka au la, unakuta mtu anakushangaa, kama vile dume kazi yake ni kuwepo tu.

Niseme kwanza kwa wasomaji ambao sio wafugaji. Kambare jike unaweza kumkamua mayai kwa kumbonyeza tumbo, lakini dume huwezi, maumbile yake ya ndani yanazuia, ukimbonyeza hutoki na kitu cha maana. Kwahiyo ama unamuua unatoa korodani zote, ama mtaalamu anampasua kidogo, anakata kipande, anamshona, na akitunzwa vizuri anapona na baada ya miezi kadhaa anaweza kutumika tena. Wengi wanaua. Sasa ukishamuua dume bora uliyemfuga zaidi ya mwaka, ulichobaki nacho ni vipande viwili vyeupe mkononi, hakuna pa kurudi, na ndio maana nasema hapo ndipo panapotakiwa umakini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii.

Mbegu ya samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ikiwa ndani ya korodani haiogelei, imelala. Kinachoilaza ni ule umajimaji wake wenyewe ambao una chumvichumvi nyingi kuliko maji ya bwawani, na ikiguswa na maji ya kawaida tu ile tofauti ndiyo inaiamsha, inaanza kukimbia kwa nguvu zote. Shida ni kwamba akiba yake ya nguvu ni ndogo mno. Kwa kambare hesabu kama dakika moja ya kuogelea kwa maana, baada ya hapo chache zitakuwa zinajikokota na nyingi zimesimama, na hazirudi tena. Trauti wale wanaototoleshwa kule Kiganjo Kenya ni kama nusu dakika tu. Na yai nalo halisubiri, lina tundu moja dogo la kupitishia mbegu, likishalowa linavimba na lile tundu linafunga ndani ya dakika moja au mbili. Kwahiyo kila kitu kwenye utungishaji kinatokea ndani ya muda wa mtu kufunga kamba za viatu, ndugu mhariri, na mbegu iliyoamshwa kabla ya muda wake ni mbegu iliyopotea hata kama kwa macho inaonekana nyeupe na nzito vilevile.

Ndio maana tone la maji ni adui. Dume akitolewa kwenye tenki analowa, anapasuliwa hivyohivyo, maji yanachuruzika kwenye korodani, kisu kimetoka kuoshwa, bakuli limetoka kusuuzwa, mikono imeloa, alafu mtu anatulia anakwenda kumkamua jike kwa dakika kumi ndio arudi. Mbegu zilizoguswa na maji zilishamaliza safari yake zamani. Tena sio maji tu, mkojo wa samaki nao unaamsha mbegu, na kwa samaki wanaokamuliwa madume kama sato na kapu, mkojo unatoka pamoja na mbegu usipokuwa makini, kwahiyo unatakiwa kwanza ubonyeze kidogo uumwage mkojo, ufute, ndio ukamue. Damu pia ifutwe, inagandisha na inaleta bakteria. Na sabuni, jamani sabuni, vyombo vikioshwa kwa sabuni visuuzwe mpaka basi kisha vikaushwe kabisa, maana sabuni inaharibu ngozi nyembamba ya mbegu.

Hili la ukavu sio jambo jipya. Huko Urusi miaka ya 1850 kulikuwa na bwana Vladimir Vrassky aliyekuwa anatotolesha trauti, wakati huo watu walikuwa wanakamua mayai ndani ya chombo chenye maji alafu ndio wanaongeza mbegu, na mayai machache tu yalikuwa yanashika. Yeye akabadilisha mpangilio, mayai makavu na mbegu kwanza, yachanganywe, maji yaje mwisho. Matokeo yakabadilika kabisa na mpaka leo dunia nzima inatumia njia hiyohiyo ya ukavu. Zaidi ya miaka 160, na bado unakuta mtu ana kituo cha mamilioni anafanya kwa mpangilio wa kabla ya Vrassky.

Jambo la pili ni joto, na hapa naona makosa ya pande zote mbili. Kuna wanaoacha korodani kwenye sahani karibu na dirisha jua linapiga, mbegu zinachoka na kuoza haraka, na miale ya jua inaharibu vinasaba vilivyomo ndani ya mbegu. Na kuna wanaoziweka moja kwa moja juu ya barafu au kwenye sehemu ya kugandishia ya friji, wakidhani baridi ikizidi ndio vizuri zaidi. Sivyo. Mbegu ikiganda bila dawa ya kuikinga imekufa. Inatakiwa ubaridi wa friji ya kawaida, kama nyuzi 4, na kama ni barafu basi weka kitambaa kikavu au karatasi katikati, na hata hayo maji ya barafu inayoyeyuka yasiifikie. Na isitoke kwenye ubaridi ikamwagwa ghafla kwenye maji ya moto, wacha ipande taratibu.

Hilo la vinasaba wacha nikae nalo kidogo kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Wataalamu wa uzalishaji wa samaki wana njia ya makusudi kabisa ambapo wanaipiga mbegu miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, mpaka vinasaba vyake vinakufa, lakini mbegu yenyewe inabaki inaogelea, inafika kwenye yai, yai linaamka linaanza kugawanyika kama limetungwa kweli. Kumbe mchango wa baba haumo. Wao wanafanya hivyo ili wapate samaki wenye damu ya mama peke yake, wanaendelea na hatua nyingine ya kulishtua yai kwa joto, baridi au mgandamizo ili kiinitete kiweze kuishi, na bila hatua hiyo vijusi vinakuwa dhaifu vimepinda na vinakufa. Sasa tafakari maana yake kwa mtotoleshaji wa kawaida: mbegu kuogelea sio ushahidi kamili kwamba ni nzima. Unaweza kuona mayai yameanza vizuri, ukafurahi, alafu yakafa katikati, au vifaranga vikatoka vimepinda mgongo, na chanzo kikawa ni mbegu iliyoharibiwa kabla haijafika kwenye yai. Vifaranga vilivyopinda vina sababu nyingi, joto la maji, lishe ya mama, ndoa za ndugu kwa ndugu, ila na hii iwemo kwenye orodha ya vitu tunavyoviuliza.

Chumvi. Wengi wameambiwa mbegu inaweza kuchanganywa na maji ya chumvi ili isiamke na iongezeke ujazo, na ni kweli kabisa, maji ya dripu ya hospitali yale ya chumvi asilimia 0.9 yanafaa kwa kambare, yanapatikana maduka ya dawa kwa bei ndogo, na ukihifadhi hivyo kwenye friji unaweza kuitumia saa kadhaa baadaye, unaweza kuandaa dume kwanza kwa utulivu kabla hujamgusa jike. Shida ni watu wanaochota chumvi ya jikoni kwa kukadiria kwa vidole. Asilimia 0.9 maana yake gramu 9 kwa lita moja, sio kijiko cha kuchungulia. Ikipungua mbegu inaamka, ikizidi inanyauka kwa kunyonywa maji, na mtu anabaki anasema njia ya chumvi haifanyi kazi. Nunua dripu. Na iangalie vizuri kabla ya kununua maana zipo nyingine ni za sukari, zina matumizi yake lakini sio hayo.

Alafu hewa. Mbegu inapumua hata ikiwa imelala. Mtu anajaza sirinji mpaka juu, anafunga, anasafiri nayo kutoka Sengerema, akifika imekufa kwa kukosa oksijeni. Weka kidogo kwenye chombo kipana, iwe tabaka jembamba, acha nafasi ya hewa, igeuze taratibu mara mojamoja bila kuitikisa. Ikibidi kukaa muda mrefu zaidi ya hapo bakteria wanaanza kuwa shida, maabara wanaweka kiuavijasumu kidogo, ila kwa mtotoleshaji wa kawaida mimi nasema tumia siku hiyohiyo.

Wakati wa kuchanganya tunatumia unyoya wa kuku, watu wanautumia kwa sababu haukwaruzi mayai, ni mzuri ila uwe mkavu. Mbegu kwanza juu ya mayai makavu, koroga taratibu mpaka ienee, ndio mwaga maji safi kidogo, koroga tena kama dakika moja, kisha sambaza kwenye neti haraka kabla mayai hayajaanza kugandana, maana ya kambare yananata. Maji hayo yasiwe ya bomba yenye klorini ambayo hayajakaa. Gramu moja ya mayai ya kambare ni kama mayai 700, kwahiyo jike mmoja mzuri anakupa makumi elfu kwenye beseni moja, na yote yanategemea ile dakika.

Kuna tabia nyingine nzuri kwa nia lakini matokeo sio. Mtu ana madume matatu, anachanganya mbegu za wote kwenye bakuli moja alafu anamwaga, akiamini amepata damu tatu. Kwenye bakuli ni mashindano, mbegu za dume mmoja zikiwa na kasi kuliko za wenzake zinachukua sehemu kubwa ya mayai, na wewe unaamini una watoto wa baba watatu kumbe wengi ni wa mmoja. Ukirudia hivyo vizazi kadhaa ndani ya kituo kimoja unajikuta na ukoo mmoja, ukuaji unashuka, na wateja wanalalamika vifaranga vyako siku hizi havikui. Gawa mayai mafungu matatu, kila fungu dume wake. Ni kazi ya dakika mbili zaidi.

Sasa nifike kwenye ninachoomba, Ndugu Mhariri. Mbegu inaweza kupimwa kabla haijamwagwa. Unahitaji maikroskopu ya kawaida kabisa kama zile za zahanati zinazopimia malaria, kioo, tone dogo sana la mbegu, tone la maji, na jicho lako liwe tayari kwenye lenzi kabla tone la maji halijagusa kwa sababu ukichelewa sekunde kumi umeshakosa mwanzo. Unaangalia ni sehemu gani ya mbegu inakimbia mbele, sio inayotetemeka papo hapo, na kwa saa ya simu unahesabu zinasimama baada ya muda gani. Maabara kubwa wanatumia kamera na kompyuta inayofuatilia kila mbegu na kutoa kasi yake, ni nzuri lakini hatuihitaji ili kujua kama dume huyu anafaa leo au hafai. Kama ikianza kukimbia kabla hujaweka maji, umejua imeguswa na maji au mkojo huko ilikotoka. Kama haikimbii kabisa hata ukiweka maji, unamwacha jike kwa muda na kutafuta dume mwingine kuliko kuharibu mayai yote. Kipimo hiki kifundishwe. Mafunzo mengi yanayoletwa kwetu yanakuja na sindano za homoni, vyandarua na vyeti, maikroskopu haimo, na mafunzo ya kutotolesha bila maikroskopu yanamwacha mtu anabahatisha nusu ya kazi. Maafisa uvuvi wa wilaya wakae na jambo hili. TAFIRI, wale wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapahapa Mwanza, kituo cha serikali cha samaki cha Kingolwira kipo Morogoro, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine wapo, ujuzi upo nchini na watu wake ni wazuri, kinachokosekana ni kuushusha mpaka kwenye vituo vidogo vya watu binafsi ambavyo ndivyo vinavyouza vifaranga vingi mtaani.

Na ombi la pili ni kubwa zaidi. Wafugaji wa ng'ombe wana Usa River kule Arusha, kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija, mbegu za madume bora zinagandishwa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na mhimilishaji anakuja kijijini na mtungi wake. Kwa samaki inawezekana pia, na sio ndoto. Mwaka 1949 Waingereza waligundua kwamba gliserini inailinda mbegu isipasuliwe na barafu, na 1953 tu mtafiti John Blaxter akagandisha mbegu ya samaki aina ya heringi, akaweza kuwachanganya samaki wanaotaga majira ya kuchipua na wale wanaotaga vuli, ambao kwa kawaida hawakutani. Leo mbegu ya kambare inagandishwa kwenye mirija ileile midogo kama ya ng'ombe, dawa ya kinga inayofaa vizuri ni methanoli kama asilimia 10, inayeyushwa kwenye maji ya joto la nyuzi 40 kwa sekunde chache na kutumika hapohapo.

Sio rahisi na sitaki kumdanganya mtu. Dawa ya kinga yenyewe ni sumu ikikaa sana na mbegu kabla ya kuganda, kugandisha haraka kupita kiasi kunatengeneza barafu ndani ya mbegu, kugandisha polepole kupita kiasi kunaikausha, na hata ukifanya vizuri sehemu ya mbegu itakufa, na zilizobaki zinaogelea muda mfupi zaidi, kwahiyo unahitaji mbegu nyingi kwa kila gramu ya mayai. Na tofauti na ng'ombe, ambaye mbegu yake ikishaingia ina saa nyingi za kusubiri yai, ya samaki ina ile dakika moja tu. Ndio maana kazi ya maabara lazima iwe makini zaidi kuliko tuliyoizoea kwa mifugo.

Lakini fikiria faida yake kwa ziwa letu. Ngege wa asili wa Victoria, ambao wazee wetu walikula, karibu wamekwisha tangu sangara na sato wa kigeni walipoingizwa miaka ya 1950 na 60, wamebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni. Mayai ya samaki mpaka sasa hayagandishiki kwa sababu ni makubwa na yamejaa kiini, kwahiyo mbegu ya dume ndiyo kitu pekee tunachoweza kuweka akiba kwa urahisi. Mwaka 1988 Wafilipino na washirika wao walipoanza kutengeneza sato anayekua haraka, walikusanya samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Senegal na hapa jirani Kenya. Damu ya Afrika ndiyo iliyojenga ufugaji wa sato wa Asia, na leo sisi tunanunua vifaranga na teknolojia kutoka huko. Madume wa kambare wa mito yetu, Kagera, Mara, Malagarasi, damu zao ziwekwe akiba humu nchini kabla hazijachanganywa na za mabwawani. Mitungi ya naitrojeni ipo nchini tayari, njia za kuisambaza zipo. Wizara ni moja, mifugo na uvuvi, wakae meza moja.

Naomba gazeti lako limtafute mtaalamu wa TAFIRI au Sokoine aeleze hatua hizi kwa picha, ukurasa mzima, watu wakate wabandike ukutani kwenye chumba cha kutotoleshea. Na kwa mtotoleshaji yeyote wa Ilemela, Magu, Misungwi mpaka Sengerema mwenye mashaka na madume yake, chama chetu cha wafugaji kina maikroskopu moja, tunapima bure siku za kukamua, njoo na dume mzima kwenye ndoo yenye maji na mfuniko wenye matundu, usimpasulie nyumbani.

Mtotoleshaji wa vifaranga,
Ilemela, Mwanza